Pua moja, misimbo mitano: shajara ya mradi wa kumbukumbu

3 Juni

Mradi umepata ruhusa. Hauna mfadhili, hauna nembo wala fulana. Ni mimi, kompyuta ya masijala, daftari la mistari na saa mbili za jioni foleni ikishaisha. Mganga mfawidhi amekubali kwa sharti moja, nisiwaongezee madaktari kazi. Nikajibu "sawa, Dokta" huku moyoni najua sharti hilo nitalivunja kabla ya Julai.

Kisa chenyewe ni madai ya Aprili yaliyorudishwa na bima moja. Mgonjwa kaandikiwa steroidi ya kupuliza puani, ya mwezi mzima, na fomu yake ina msimbo, yaani herufi na namba za ugonjwa, J00. J00 ni mafua ya kawaida, yale yanayokuja na kuondoka ndani ya wiki. Mkaguzi wao kaandika kwamba dawa haiendani na ugonjwa, kakata. Nilitaka kukasirika, ila ningekuwa kwenye kiti chake ningekata vilevile.

Kwa hiyo hadi mwisho wa Oktoba nafuatilia pua tu. Sigusi malaria wala presha. Nataka mgonjwa wa pua akitoka hapa, msimbo wake ufanane na alichokisema alipokaa kwenye kiti.

Jambo dogo kuhusu lugha: hapa kazini wote msimbo tunauita "kodi", kutoka Kiingereza "code". Wiki jana mama mmoja alinisikia nikimwambia mwenzangu "huyu hajawekewa kodi," akaja dirishani kuuliza ni kodi ipi hiyo tena wakati kumwona daktari ameshalipia. Kuanzia leo naandika *msimbo*.

6 Juni

Nimetoa majalada arobaini yenye neno lolote la pua, ya mwaka mmoja nyuma. Vumbi la kabati lenyewe limenipigisha chafya kumi na moja, nimezihesabu.

Nimekwama kwenye jalada moja tu jioni nzima. Fundi seremala, mwanamume wa miaka thelathini na kitu (mambo ya kumtambulisha nimeyabadilisha). Amekuja mara saba ndani ya miezi minane. Mara mbili ameandikiwa mafua, J00. Mara mbili URTI, yaani maambukizi ya njia ya juu ya hewa, ikawa J06.9. Mara moja "rinaitisi" (uvimbe wa ndani ya pua) bila neno lingine, J31.0. Mara moja sinusaitisi (uvimbe wa matundu ya hewa kando ya pua), J01.9. Na mara moja daktari kaandika herufi mbili tu, "AR".

AR ikapewa I35.1.

Nimeangalia mara tatu nikidhani macho yamechoka. I35.1 ni vali ya moyo inayovuja. Daktari alimaanisha mzio wa pua, kwa ufupisho wa Kiingereza. Aliyeingiza kwenye mfumo alitoka kitengo cha moyo cha hospitali nyingine, na kule herufi hizohizo ni vali ya aota. Hakuna aliyekosea kwa uzembe. Lakini kwenye mfumo wetu fundi huyu ana ugonjwa wa moyo tangu Februari, na hajui.

Amoksilini, dawa ya kuua bakteria, amepewa mara nne.

10 Juni

I35.1 nimeipeleka kwa mganga mfawidhi ili isahihishwe kwa utaratibu: kosa halifutwi, linawekewa maelezo na saini, la zamani linabaki likionekana. Amesoma, akacheka, halafu akaacha kucheka. Akauliza ni AR ngapi nyingine zipo. Nikasema naanza kuhesabu kesho.

Amri imetoka leo hiihii mchana, imebandikwa chumba cha chai: AR ni marufuku. Andika neno zima.

17 Juni

Leo nimekaa na kitabu chenyewe cha ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, toleo la Shirika la Afya Duniani, nikanakili familia ya J30 kwa mkono. Nikiandika kwa mkono naona nisichokiona kwenye skrini.

J30.0 ni ya pua inayochuruzika kwa sababu ya mishipa yenyewe, hakuna mzio: baridi, moshi, harufu kali. J30.1 ni mzio wa chavua. J30.2 ni mizio mingine ya msimu. J30.3 ni mizio mingine, pamoja na ile ya mwaka mzima. J30.4 ni mzio usiotajwa chanzo. Basi, ni mitano. Nilivyoona madaktari wanavyoikwepa nilidhani iko hamsini.

Mitego niliyokutana nayo ni miwili. Wa kwanza, ukiandika "rinaitisi" peke yake, kitabu hakikupeleki J30 hata kidogo. Kinakupeleka J31.0, rinaitisi sugu. Mtu ameanza kupiga chafya juzi, daktari kaona uvivu kuongeza neno moja, na mfumo unamfanya mgonjwa wa muda mrefu. Ndivyo fundi alivyoipata ile J31.0 yake.

Wa pili ni lile jina la Kiingereza la "homa ya nyasi kavu", hay fever. Madaktari wawili wetu wanalipenda, wamelitoa chuoni. Ukiliandika, kitabu kinakwenda moja kwa moja kwenye chavua, J30.1, hata kama mgonjwa anaumwa na vumbi la godoro. Jina hilo ni la mashambani Uingereza. John Bostock, daktari wa London, alieleza ugonjwa wake mwenyewe mwaka 1819, kila kiangazi macho na pua vinamwasha. Baadaye Charles Blackley wa Manchester, katika kitabu chake cha 1873, akaonyesha kwa majaribio kwamba kisababishi ni chavua. Homa haipo na nyasi kavu hazina hatia, ila jina limebaki, na linatuharibia takwimu sisi tuliomo chini ya Mlima Meru.

24 Juni

Siku imeharibika. Daktari mmoja kijana, mwenye bidii, ametafuta misimbo kwenye simu na kuniletea orodha safi: J30.9, J30.81, J30.5. Mfumo umekataa yote. Akaniambia mfumo wetu ni mbovu.

Mfumo si mbovu. Ile aliyoipata ni ya Marekani. Wao wana toleo lao lililopanuliwa, wanalitumia tangu Oktoba 2015, na ndilo linalojaa mtandaoni. Kule J30.81 ni manyoya ya paka na mbwa, J30.5 ni chakula, na asiyejulikana chanzo ni J30.9. Kwetu asiyejulikana ni J30.4, na hiyo .9 haipo kabisa. Nimemwonyesha vitabu viwili ubavu kwa ubavu. Akasema, "Kumbe nilikuwa naandika kwa lafudhi."

1 Julai

Kadi ya kwanza imetoka kwenye printa. Karatasi nusu, maswali ya Kiswahili, anajaza muuguzi wakati wa kupima presha ili daktari aikute tayari. Imeanza lini? Siku ngapi kwa wiki? Ukiwa wapi inazidi, ukiwa wapi inapoa? Inawasha au inachuruzika tu? Macho je? Kifua kinabana? Usingizi? Umeshatumia dawa gani, pamoja na za duka la dawa na za jirani?

Sista amenifundisha jambo. Nilikuwa nimeandika "Je, una mzio wowote?" Akasema futa hilo, kila mtu atajibu hana. Uliza "nini kinakukataa?" Kweli. Tumejaribu kwa watu sita asubuhi, na watano wakaanza kutaja wenyewe: vumbi la kufagia, dawa ya mbu ya kuwasha, unga wa mashine, blanketi la zamani, paka wa mwenye nyumba.

8 Julai

Baridi ya Arusha imeshika. Ukungu hadi saa tano, na kila mtu anafuta pua. Wiki hii kadi zinaonyesha kundi ambalo sikulitarajia: maji meupe yanatiririka asubuhi wakitoka nje, hayawashi, macho makavu, chafya chache, wakiingia ndani na kunywa chai basi yanakata. Hao ni J30.0. Wengi wao huko nyuma walikuwa wakipewa "aleji" na vidonge vya setirizini, kisha wanarudi kulalamika kwamba havisaidii. Visingeweza kuwasaidia sana, maana hakuna mzio wa kuutuliza.

Hadi sasa nilikuwa nafikiri kazi yangu ni ya makaratasi. Leo Dokta ametazama kadi mbili na kubadilisha dawa palepale.

15 Julai

Ugomvi, kama nilivyotarajia. Daktari wetu wa siku nyingi amenirudishia kadi bila kuisoma. "Mimi natibu, situngi hadithi. Umeona foleni?"

Nimeiona. Sikubishana. Nimesubiri hadi saa ya chai, chapati mkononi, nikamwekea mbele karatasi yenye mistari miwili ya mgonjwa mmoja. Wa juu ni wake, wa Machi: "URTI. Amoksilini, setirizini." Wa chini nimeutoa kwenye kadi, bila kuongeza langu: "Pua kuziba na kuwasha miezi minane, karibu kila siku ya kazi, huanza saa chache baada ya kupasua mbao, hupoa Jumapili. Chafya mfululizo. Usingizi unakatika. Kifua kimya."

Alikuwa fundi wangu. Alikuja Ijumaa, mara ya nane.

Nilikuwa dirishani alipofika. Ana mtindo wa kusugua pua kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, kama anayefuta jasho kinyume, na juu ya ncha ya pua pana kamstari kamejikunja ambako nilidhani ni kovu. Si kovu, ni alama ya kusugua mwaka mzima. Nikamuuliza maswali ya kadi mwenyewe kwa sababu Sista alikuwa na mtoto wa degedege. Akasema, "Dada yangu, Jumapili kanisani pua inafunguka, naimba besi. Jumatatu saa nne imeziba. Mvule ndio mbaya, mninga afadhali kidogo."

Ziara saba, na sentensi hiyo haimo kwenye jalada. Nikamuuliza kama aliwahi kuisema. Akasema kila mara.

Daktari amesoma mistari miwili akiwa anatafuna. Hakusema kitu. Alasiri kadi zake tatu zimekuja zimejazwa, mwandiko mbaya kuliko wote.

22 Julai

Swali la mganga mfawidhi: mbona kadi inauliza siku kwa wiki wakati ICD-10 haiulizi?

Ni kwa ajili ya matibabu. Mwongozo wa ARIA, ule wa kimataifa wa mzio wa pua, tangu 2001, umeacha kugawa kwa msimu na mwaka mzima, unagawa kwa muda. Dalili zikiwepo chini ya siku nne kwa wiki, au chini ya wiki nne mfululizo, ni za vipindi. Zikizidi siku nne kwa wiki na pia zikizidi wiki nne, ni za kudumu. Halafu kuna ukali: usingizi ukivurugika, kazi au shule ikikwama, umetoka kwenye hafifu umeingia wastani hadi kali. Steroidi ya puani inasimama vizuri hapo kwenye kudumu na ukali, na mkaguzi wa bima akiona "ya kudumu, usingizi unakatika" hana pa kushika kalamu nyekundu. Msimbo hauna nafasi ya maneno hayo. Lazima yakae kwenye maelezo ya daktari, la sivyo hayapo popote.

Hilo "msimu" lenyewe linanisumbua. Kitabu kilitungwa na watu wenye misimu minne. Sisi tuna masika na vuli, na katikati vumbi. Nyasi zinachanua mvua zikishakatika, na vumbi la barabara ya mtaani kwetu lina msimu wake pia. Nimeandika kanuni ya nyumbani: J30.2 itumike pale tu mgonjwa anapotaja miezi. "Huwa inanijia" haitoshi.

29 Julai

Mtoto wa darasa la tatu, pua na kifua. Mama anasema usiku anakohoa na kupiga mluzi. Tabibu kaandika vyote viwili, mzio wa pua na pumu, akategemea misimbo miwili, J30.4 na J45.9.

Kitabu kinakataza. Chini ya J30 imeandikwa wazi: mzio wa pua ukiambatana na pumu hauingii hapa, nenda J45.0, pumu yenye asili ya mzio. Msimbo mmoja unabeba pua na kifua. Mwanzoni niliona ni ubahili wa kitabu. Tabibu ndiye aliyenieleza kwamba ndivyo mwili ulivyo, njia ya hewa ni moja tangu puani hadi chini, na wengi wenye pumu wana pua ya namna hii pia.

Lakini hapo nimepoteza pua za kuhesabu. Kila mwenye pumu anatoweka kwenye jedwali langu. Nimeongeza safu pembeni, kwa penseli.

12 Agosti

Kijana wa TEHAMA amekuja hatimaye. Mfumo ulikuwa na nafasi ya msimbo mmoja tu kwa ziara, na nilihitaji wa pili kwa ajili ya fundi. Dokta ameridhika kwa historia kwamba ni mzio wa vumbi la mbao, J30.3, na ICD-10 ina msimbo wa nyongeza, Y96, unaosema hali hii inatokana na kazi. Hautambui ugonjwa. Unaeleza mazingira tu.

Kijana akauliza kwa nini tusifanye kipimo cha ngozi tukawa na uhakika. Kipimo hicho ni matone ya vizio (vitu vinavyoleta mzio) juu ya mkono, kila moja linachomwa kidogo, unasubiri dakika 15 hadi 20, uvimbe ukizidi ule wa tone tupu kwa milimita 3 au zaidi unahesabiwa. Ila mgonjwa awe ameacha vidonge vya aleji siku kadhaa kabla. Hapa kwetu hatuna vifaa, na hata tungekuwa navyo, tone la mvule halipo kwenye visanduku vya kawaida. Historia ndiyo maabara yetu.

Nafasi ya pili ikawekwa. Ilimchukua dakika ishirini. Niliiomba tangu mwaka jana.

14 Agosti

Fundi amekuja kuchukua dawa, akaona kwenye karatasi "Y96", akauliza. Nikamweleza. Uso ukabadilika. "Toa hilo, dada. Tajiri akisikia nimeandikisha kwamba karakana yake inaumiza watu, kesho sina kazi."

Nikamwambia jalada haliondoki hapa na tajiri wake hana haki ya kulisoma. Analipa taslimu, hakuna fomu inayokwenda popote. Akanitazama kama ninavyowatazama wanaoniambia mfumo hautakwama tena. Nikampeleka kwa Dokta, maana si kazi yangu kuongeza wala kutoa. Wamekaa muda mrefu. Akatoka, akaniaga vizuri. Y96 imebaki, na Dokta ameongeza mstari: ameelezwa siri ya jalada, ameelezwa pia kwamba sheria ya fidia kwa wafanyakazi ipo iwapo atahitaji siku moja, ameomba muda afikirie.

Usiku huo sikuandika kitu kingine.

2 Septemba

Kadi ya "dawa gani umeshatumia" imefichua wanne wa aina moja. Wamenunua matone ya kuzibua pua dukani, yanafungua ndani ya dakika chache kama miujiza, wanaendelea wiki, mwezi, mmoja anasema tangu Pasaka. Pua imezoea. Bila matone haifunguki, kwa matone inafunguka kwa muda mfupi zaidi kila siku. Dawa yenyewe imekuwa ugonjwa. Hawa J31.0 inawastahili kweli, pamoja na msimbo wa nyongeza wa madhara ya dawa. Ajabu ya kazi hii: msimbo niliokuwa naufukuza Juni, Septemba naupigania.

23 Septemba

Nimehesabu J30.4 za mwezi. Zimepungua, ila si kwa kiasi nilichotaka. Wapo wagonjwa ambao kwa kweli hawajui nini kinawakataa, na daktari hajui pia. Nilikuwa nimeanza kuwasumbua Sista na wenzake wajaze chochote ili jedwali langu lipendeze. Leo nimejikuta namwambia mama mmoja "labda ni godoro?" kwa sauti ya kumsukuma. Nimeaibika. J30.4 ni jibu halali. Nimefuta lengo la asilimia nililokuwa nimeliandika ukutani.

7 Oktoba

Mijakaranda imechanua, barabara yote ya juu ni zambarau, na kila mgonjwa wa tatu anailaumu. Daktari kijana alikuwa tayari na J30.1. Nikamzuia mlangoni. Chavua ya jakaranda ni nzito, inabebwa na nyuki, haipeperuki kutafuta pua za watu. Oktoba hii vumbi la kiangazi linatosha kumwaga machozi ya mji mzima. Kama mgonjwa hana jingine zaidi ya "ni yale maua", basi andika alivyosema kwenye maelezo, na msimbo uwe J30.4. Amekubali kwa shingo upande. Anasema mama yake mzazi ataendelea kuulaumu mti.

21 Oktoba

Nimeulizwa kama tunahamia ICD-11, maana imeanza kutumika rasmi kimataifa tangu 1 Januari 2022. Mzio wa pua kule ni CA08.0, na unaweza kuunganisha misimbo kama mabehewa. Nimeitazama kwa tamaa. Ila siku ikifika hapa, itakuta wanaoandika "URTI" bado wapo, na hakuna behewa la kuwabeba hao. Kwa sasa nachapisha kadi mia mbili zaidi. Wino wa printa umebaki robo.

28 Oktoba

Fundi, ziara ya kumi. Hakuja kwa pua, alijikata kidole. Nikiwa nafungua jalada nikamuuliza hali. Amehamishia msasa nje chini ya mwembe, anafunga kitambaa, na anapuliza dawa asubuhi. Mvule bado unamkataa lakini usiku analala. Habari ya fidia hajaamua. Tajiri naye ameanza kupiga chafya.

S61.0 kwa kidole. Kadi ya pua nimemjazia tena: siku mbili kwa wiki.